Dozi ya Banda la Kushoto

Najma alikuwa ameeleza habari ile mara tatu, na mara zote tatu mama yake aliitikia vizuri. Banda la kulia, kuku kumi, wapewe maji ya dumu jekundu, yenye dawa. Banda la kushoto, kuku kumi, wapewe maji matupu. Siku kumi, asubuhi na alasiri, bila kubadili. Kazi hiyo hata mtoto wa chekechea angeiweza, na Bi Mwanabaraka hakuwa mtoto wa chekechea. Alikuwa amezaa watano, amezika mume, na wapangaji wote wa nyumba ile ya Mtoni walimsikiliza yeye.

Kuku wenyewe wasingefika uwani kwa mama kama mambo yangekwenda inavyotakiwa. Maabara ya mifugo alikofanya kazi Najma ilikuwa na nyumba yake ya wanyama, yenye sinki na wavu madirishani. Lakini mwaka ule wa tisini na nne kila ofisi iliambiwa ijitegemee, na wakubwa wakajitegemea kwa kuipangisha nyumba ya wanyama kwa mfanyabiashara wa mitumba. Marobota yakajaa mpaka darini. Najma alipouliza majaribio yake atayafanyia wapi, mkuu wake, Dakta Kamugisha, alimwambia awe mbunifu.

Basi akawa mbunifu. Alibeba kuku ishirini waliokwisha ambukizwa, akawapeleka kwa mama yake, alikoishi. Ugonjwa wao haukuwa mgeni Dar es Salaam. Ni mafua yanayoletwa na kirusi cha jamaa ya korona, na miaka ile ambapo kila mwalimu na kila karani alikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba, yalikuwa yamewaliza wengi. Watu walikoroga rangi mbili, vile vidonge vya kuua bakteria, kwenye maji ya kuku kama wanaokoroga sukari kwenye chai. Najma alichoka kuwaambia kwamba kirusi hakijali rangi mbili, na kwamba wanachofanya ni kuvizoesha dawa vidudu vingine. Wakimsikia akitaja kirusi, walidhani anasema kuku wana ukimwi. Zuena, mpangaji wa chumba cha mbele, aliacha kununua mayai mtaa mzima kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna maelezo yaliyomtoa hapo.

Dawa ya Najma ilikuwa kitu kingine. Miaka mitatu alichemsha mizizi, akachuja, akakausha, mpaka akapata unga wa manjano uliokiua kirusi kile ndani ya mayai ya kuangulia. Ilibaki kuijaribu kwa kuku hai. Unga ulijaa kopo moja tu, wa kutosha banda moja kwa siku kumi, na ukiacha kichupa kidogo alichokificha kazini, hakukuwa na mwingine, maana msitu alikochimba mizizi ulikuwa umeshageuzwa mkaa. Kuku wa kulia wakipona na wa kushoto wakibaki wagonjwa, Kamugisha angewaita wafadhili na kazi ingeendelea. Vinginevyo miaka mitatu ilikuwa imekwenda na maji.

Siku ya tano mabanda yote mawili yalikuwa na nafuu. Siku ya sita, vilevile. Najma alichuchumaa mbele ya banda la kushoto akiwatazama kuku wasiopewa dawa wakiparura kwa raha zao, akashikwa na hasira ambayo hakujua ampe nani. Kuku wanapona bila dawa, basi dawa ya nini? Aliwapima upya, akabishana na daftari lake.

Siku ya saba umeme ulikatwa kazini, akarudi nyumbani mchana. Alimkuta mama yake ameinama na dumu jekundu, mabeseni mawili mbele yake. Alimimina hapa, akamimina pale, akainama kutazama kama yako sawa, akaongeza tone kwenye lililopungua. Kisha akayajazia yote mawili maji ya mtungi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawagawia," alisema Bi Mwanabaraka.

Wala hakuona haya. Alieleza kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu siku ya pili. Wale wa kushoto walikuwa wakikohoa huku wanawatazama wenzao wakinywa dawa ng'ambo ya wavu, na yeye hakuweza kuuvumilia ubaguzi ule. Katika uwa huu, tangu enzi za mama mkwe wake, hajakaangwa samaki bila bakuli kuvuka kwa jirani, hata jirani ambaye hawasemezani.

"Si nilikwambia kushoto maji matupu?"

"Uliniambia. Mie nikasema moyoni, mwanangu kasoma mpaka roho imekuwa ngumu."

Najma alisema maneno ambayo baadaye aliyajutia. Alimwambia mama yake kwamba angeajiri kichaa wa sokoni angepata kazi safi zaidi. Bi Mwanabaraka aliyachukua mabeseni yake, akaenda kuyaosha.

Siku ya tisa kuku wote ishirini walianza kukohoa upya, vibaya kuliko mwanzo. Najma aliwapa wa kulia unga wote uliobaki, dozi kamili. Wakafa watatu. Akachukua makohozi yao mpaka maabara, akayadunga kwenye mayai, akaweka dawa kutoka kwenye kichupa kidogo alichokuwa amekificha kazini kwa dharura. Kirusi cha zamani, kilichohifadhiwa kwenye jokofu la mafuta ya taa, kilikufa kama siku zote. Kirusi cha uwani kwa mama hakikutikisika. Alirudia na dozi mara mbili, na vifaranga vikafia ndani ya mayai. Kirusi kimekuwa sugu kwa dawa ambayo hata jina haijapata, na kichupa kimekwisha.

Dakta Kamugisha alisoma matokeo, akamshauri aandike siku saba za mwanzo tu. Kuku ishirini wagonjwa, kuku ishirini wana nafuu, tena kwa nusu dozi. Wafadhili wangefurahi. Najma alilichukua daftari lake akaondoka.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda karibu na mama yake aliyekuwa akichambua mchele. Aliomba radhi kwanza, kisha akaeleza polepole, kama alivyopaswa kueleza tangu mwanzo. Nusu dozi inaua virusi vilivyo legelege. Vile vigumu vinabaki, vinazaa vigumu wenzao, na siku ukija na dozi kamili umechelewa. Ungewapa kumi yote wangepona kumi, ila umewapa ishirini nusu nusu na sasa hakuna wa kupona.

Bi Mwanabaraka aliacha mchele.

"Hiyo ni ya vidudu vya kuku tu?"

"Vyote, mama. Malaria, kifua kikuu, vyote."

Mama alifungua pindo la khanga yake taratibu. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vyeupe. Najma alivijua. Kila mtu uwani alivijua, ndivyo alivyopewa kliniki mume wa Zuena, Mwishehe, anayetibiwa kifua kikuu.

"Zuena hunigawia," alisema mama. "Siku moja Mwishehe, siku moja mie. Nilianza kutema damu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa Rajabu, miezi mitatu sasa. Weye ulikuwa unahesabu vikohozi vya kuku, mwanangu. Sikutaka kukuchanganya."

Najma alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikiliza mama yake akikohoa, na hakukumbuka. Aliinuka, akalitoa buibui la mama msumarini, akamwambia avae, wanakwenda kliniki sasa hivi na wanampitia Mwishehe.

Mwishehe alikuwa katika mwezi wa tano wa dawa. Kliniki ilikuwa imeshamwambia Zuena kwamba kufikia sasa mumewe atakuwa anarudi kazini. Najma alifika kwenye mlango wao, akainua mkono kubisha, akamsikia Mwishehe kutoka ndani. Alikuwa anakohoa kama mtu ambaye hajaanza dawa.