Mkoba wa Kilo Nne

Mung'aro, fundi muashi anayetutengenezea nyumba yetu ya Mji wa Kale tangu mimi mtoto, aliupapasa ufa wa ukuta wa sebuleni akasema masika haya yeye haahidi kitu. Tuweke mkoba wa chakula karibu na mlango, na siku ukuta ukianza kumwagika, tutoke. Baba yangu, Mzee Muhdhar, akamjibu kwa adabu zote kwamba yeye amezaliwa humo na hatoki.

Basi nikawa na kazi mbili: kufunga mkoba na kumtoa Baba. Ile ya kwanza nilidhani ni nyepesi.

Mkoba lazima aubebe mwenyewe, maana Baba hawezi kupita njiani mikono mitupu na bintiye kajitwika mzigo. Afadhali ukuta umwangukie. Na bega lake bovu. Nikaazima mizani ya ndoano, nikajiwekea kilo nne, hapana zaidi. Marikiti nilichagua kama anayemchagulia mwanawe mchumba. Mchele nikauacha, kwani utapikwa na nani? Nikachukua tende za kubana, tosti kavu, karanga za kukaanga, visheti, maziwa ya unga, na jodari wa makopo yale ya kuvuta kwa kidole, yasiyotaka kisu. Hakuna kinachooza, hakuna kinachotaka moto. Mshale wa mizani ukasimama kwenye nne sawasawa, nami nikajiona bingwa.

Kesho yake mkoba ulikuwa kilo sita. Kuufungua, nakuta ndani dele la shaba, lile ambalo Baba huwamiminia watu kahawa barazani kila alasiri, pamoja na vifinjani sita vimeviringwa kwenye kikoi. Nikavirudisha kabatini. Siku ya tatu vimo tena, na pakiti ya kahawa juu yake, na kopo moja la jodari limetolewa ili vipate nafasi. Nina ulimi mimi, sikatai. Nilimwambia huu ni mkoba wa dharura, si wa posa, na dele haliliwi. Baba akaangalia dirishani. Nikajisemea, sikio la kufa halisikii dawa. Alipovitia mara ya tatu nikavifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Jumanne baada ya adhuhuri, mvua ikiwa na siku mbili haijakatika, chokaa ya sebuleni iliporomoka, kipande kizima cha ukubwa wa mkeka. Mung'aro akaja mbio akatwambia tutoke sasa hivi. Nikamsogezea Baba mkoba pale alipokaa. Akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaupima uzito, akaushusha.

"Sendi," akasema.

Niliogopa kweli. Nikamlilia, nikamtajia wajukuu, nikamtajia binamu yake Shamsudin anayetungoja kwenye fleti yake Ganjoni. Akaniacha nimalize.

"Jihan, mwanangu, mimi n'lishafunga safari, wewe ukan'fungulia. Nikenda kwa Shamsudin mikono mitupu, n'takuwa mgeni wa watu. Nikenda na dele langu, watu watakuwa wageni wangu."

Aibu ilinishika. Siku zote hizo nahangaika namna ya kumtoa Baba, kumbe mwenyewe alikwisha kutoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimrudisha kabatini. Mung'aro alinikataza nisipite, lakini kabati liko chumba cha pili, upande wenye ukuta mzima, nami nilikwenda. Nikaja na dele, vifinjani na kahawa. Makopo ya jodari nikayatoa yote, na maziwa ya unga nikayatoa. Mizani sikuikumbuka. Baba akavaa kofia yake, akautia mkoba begani, akatoka mbele yetu na kufunga mlango mwenyewe.

Tulifika Ganjoni alasiri. Kabla ya lolote Baba aliomba jiko, akapika kahawa yake. Haijapita nusu saa, jirani wa mlango wa pili akabisha hodi, amesikia yaliyotupata, amekuja kutupa pole. Shamsudin hajawahi kuinuka, Baba keshasimama, dele mkononi.

"Karibu," akamwambia. "Karibu ndani, ukae."

Mimi nikapasua pakiti ya tende.