Bomba la Zamani

Mwaka 1974 nilikuwa mpandishaji wa ng'ombe, na zamu yangu ya kuzunguka ilitoka Nyamira, ikapita Sironga, ikapanda na kushuka vilima vinne kabla ya kurudi. Nilibeba mbegu za mafahali wa gredi, wale wa damu ya kizungu, ndani ya flaski iliyofungwa nyuma ya pikipiki ya serikali, na kuwapandisha kwa mkono ng'ombe wa wakulima. Mbele yangu watu waliniita daktari, ingawa nilikuwa na cheti cha miezi sita tu. Nyuma ya mgongo wangu waliniita dume la serikali.

Zamu ilikuwa na vituo tisa. Kila kituo kilikuwa na krashi, njia nyembamba ya nguzo na mbao ambamo ng'ombe akiingia hawezi kugeuka. Mkulima alileta ng'ombe wake krashini, mimi nikafika, nikafanya kazi, nikajaza kadi, nikaondoka. Nilipokuta krashi tupu sikusimama, kwa kuwa mbegu hazingoji. Ng'ombe naye hangoji. Hutaka dume kwa muda wa saa kumi na nane hivi, kisha hutulia kwa siku ishirini na moja. Aliyechelewa asubuhi moja alikuwa amechelewa wiki tatu.

Wakulima wengi hawakuwa na saa. Walikuwa na pikipiki yangu. Bomba lake la moshi lilitoboka mwaka 1971 chini ya kiti, na tundu likaendelea kukua. Niliwahi kumwomba mwalimu mmoja asimame kilima cha pili na kuandika dakika aliyonisikia. Tulipolinganisha saa zetu, umbali ulitoka kilomita mbili na kitu. Kwa vilima na vituo vya katikati, mtu aliyekuwa bondeni akichuma majani chai alikuwa na robo saa ya kumfungua ng'ombe na kupanda naye barabarani. Sikupanga hivyo. Ndivyo tundu lilivyofanya kazi.

Krashi ya Sironga ilikuwa ya nne, na nilifika hapo saa nne na nusu. Chini yake, karibu na mto, alikaa Nyamoita, mjane mwenye watoto wawili, migomba, na kipande cha chai kisichozidi robo eka. Mumewe alifariki mwaka 1973 akaacha ng'ombe mmoja mwekundu wa gredi. Baada ya mazishi nilikata jina la mume kwenye kadi ya ng'ombe nikaandika Nyamoita. Aliniomba nimwonyeshe mahali lilipoandikwa, akaweka kidole juu ya wino na kuuliza kama wino ule hufutika. Nikamwambia haufutiki kwa maji.

Shemeji yake Omwenga hakuijali kadi. Alidai kwamba ng'ombe alitokana na mali ya baba yao na kwamba mjane hawezi kumtunza. Mwezi wa Januari wazee wa ukoo walikaa wakaamua hivi: mahindi yatakapovunwa, ng'ombe apimwe. Akiwa na mimba, atabaki kwa Nyamoita pamoja na ndama wake, na neno lisirudiwe. Akiwa mtupu, Omwenga atamchukua amtie kwenye mahari ya mwanawe. Nyamoita mwenyewe ndiye aliyenieleza haya, huku ameshika kamba, kwa sauti ile ile ambayo angenielezea bei ya chumvi.

Hakuweza kumpeleka ng'ombe kwa fahali wa jirani. Mafahali wa kienyeji wa pande zile nilikuwa nimewahasi mwenyewe, ili damu ya gredi isichanganyike.

Tarehe 15 Aprili alimleta ng'ombe akiwa amechelewa. Ute ulikuwa umekwisha kukauka na joto la kutaka dume lilikuwa la jana. Nilimweleza kwamba kumpandisha ng'ombe wa namna hiyo ni kumwaga mbegu, nikaandika kwenye kadi "hakupandishwa". Hakubisha. Aliuliza tu siku atakayotaka dume tena, nikamwambia tarehe sita Mei au karibu yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda mji wa Kisii kuchukua vifaa. Pale Kiogoro palikuwa na kizuizi cha polisi na mkaguzi mpya wa magari, mtu wa pwani aliyesema Kiswahili kilichonyooka hata tukaona haya kumjibu. Sheria ya sailensa, kwamba bomba la moshi lisipige kelele, ilikuwepo miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kuitumia kwetu. Yeye aliitumia. Alisimamisha pikipiki kumi na mbili asubuhi ile, akainama nyuma ya kila moja, na kumpa kila mwenye tundu siku saba za kulitengeneza au kwenda mahakamani.

Sote tulijikuta kwenye gereji ya Alfayo nyuma ya soko. Abner, bwana afya, alilalamika kwamba watoto hutoka barabarani kwa sababu wanamsikia, na kwamba atakapomgonga mmoja atampeleka huyo mkaguzi kwenye mazishi. Machogu, aliyekuwa mwalimu wa chai, wa kuwakagua na kuwafundisha wakulima mashambani, na ambaye zamu yake ilipita barabara yangu, hakuwa amesimamishwa. Alikuwa amekuja na lori la chai kununua cheni, akabaki kutucheka.

"Mimi waninyamazishe ya nini?" alisema. "Watu wakinisikia kilimani, majembe yote yanaanza kutembea. Nikifika shamba limepaliliwa. Nikija kimya nitakuta magugu na mtu amelala, halafu niandike ripoti mpaka usiku."

"Wewe hata ukija bila pikipiki tutakusikia," Alfayo akamjibu kutoka chini ya gari. "Ni daktari ninayemwonea huruma. Dume lisilonguruma, ng'ombe watajuaje limefika?"

Walicheka wote. Mimi nilikuwa upande wa sheria, nikawaambia hivyo. Mwalimu wa Sironga alilazimika kunyamaza kila nilipopita darasa lake. Masikio yangu yalilia hadi saa moja baada ya kazi. Kelele haikuwa sehemu ya huduma, na ratiba ilikuwepo. Abner aliniambia nimesoma nikapitiliza.

Alfayo alinifungia bomba jipya na kuuliza afanye nini na la zamani. Nikamwambia atakavyo.

Kurudi Nyamira niliisikia cheni, mawe chini ya gurudumu, hata ndege. Nikafanya lililobaki: nikaandika ratiba ya vituo vyote tisa kwa saa na dakika, nikaibandika kwa chifu na dukani, nikawapa wazee wa kanisa la Waadventista na katekista wa Wakatoliki waisome mbele ya watu. Nilijaribu pia honi. Ilikuwa na sauti ya kuku aliyebanwa mlangoni, na karibu na shule kuipiga kulikatazwa vilevile.

Tarehe 6 Mei nilipita krashi ya Sironga saa nne na dakika thelathini na mbili. Ilikuwa tupu.

Tarehe 27 Mei kulikuwa na ukungu na manyunyu. Nilifika saa nne na nusu kamili. Krashi ilikuwa tupu, lakini ndani yake palikuwa na kinyesi kibichi bado kikitoa mvuke, na tope la mlangoni lilikuwa na alama za kwato na za miguu mitupu. Niliviona vyote hivyo. Nilidhani mtu alipitisha ng'ombe pale akienda kisimani, nikaendelea.

Mwisho wa mwezi nilijumlisha. Aprili nilikuwa nimepandisha ng'ombe sitini na watatu, Mei arobaini na mmoja. Fomu ilikuwa na nafasi ya sababu. Nikaandika: mvua za masika na wingi wa kazi ya chai. Juni walikuwa thelathini na wanane, na sababu nikaandika ile ile.

Mahindi yalivunwa Agosti. Siku ya Jumatatu tarehe 19 wazee waliniita bomani kwa Nyamoita nimpime ng'ombe. Nilimaliza vituo vitatu, nikateremka kwa pikipiki hadi mtoni. Watu wapatao ishirini walikuwa wamekwisha kaa. Hakuna aliyeinuka mpaka nilipozima injini mbele yao. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kwa miguu.

Omwenga alinisalimia kwa heshima na kunionyesha ng'ombe, aliyefungwa kwenye mgomba. Nyamoita alishika kichwa chake, kwa kuwa ng'ombe alimzoea yeye. Nilivaa glovu, nikapaka sabuni, nikaingiza mkono hadi kwenye bega. Kizazi kilikuwa kidogo, kigumu kidogo, pembe zote mbili sawa. Hakikuwa na kitu. Na ute uliotoka na mkono wangu ulikuwa mwangavu, ukivutika kama uzi: alikuwa anataka dume siku ile ile.

Nyamoita alikuwa akiniangalia juu ya mgongo wa ng'ombe. Alijua. Aliyekuwa na ng'ombe yule kila asubuhi asingekosa kujua. Alichongoja kutoka kwangu hakikuwa habari.

Hakuna mtu mwingine pale aliyeweza kuingiza mkono na kuhakiki neno langu. Ningesema "miezi miwili" wangeondoka, na wiki chache baadaye mimba inaweza kutoka, hutokea. Nililifikiria hilo kwa muda wa kuvua glovu.

"Hana mimba," nikasema.

Wazee wakaguna. Omwenga hakufurahi kwa sauti. Nyamoita aliendelea kumshika ng'ombe, akauliza bila kunitazama:

"Daktari, siku ile ya ukungu nilikukosea nini?"

Nikamuuliza siku ipi.

"Nilikusikia ng'ambo nikapanda naye. Nimemwingiza, nimeweka ubao, nimesimama barabarani. Umenipungia mkono ukapita. Nikajua bado una hasira ya siku niliyochelewa, na kwamba umekwisha kumwandika huyu ng'ombe ni bure."

"Na mara iliyofuata, mwezi wa sita?"

"Mara iliyofuata nilikuwa chaini. Mtu hakuombi mara mbili hadharani."

Nilianza kumweleza kwamba si mimi, kwamba pikipiki yangu haisikiki tangu Aprili. Nilikuwa katikati ya maneno hayo wakati sauti ilipotokea kilima cha pili. Ilikuwa ile ile: mkwaruzo kwanza, kisha mlipuko mmoja kila mteremko, kisha mngurumo mzito wa kupanda. Watu wote ishirini waligeuza vichwa kuelekea barabarani. Huko juu, kando ya migomba ya jirani, mwanamke mmoja alikuwa tayari anamfungua ng'ombe wake.

"Daktari huyo," akasema mzee aliyekuwa ameniuliza kuhusu miguu. Kisha akanitazama mimi, nikiwa nimesimama mbele yake na glovu mkononi, akageuka tena kuangalia barabara.

Pikipiki ilipita juu ya shule. Mwendeshaji alikuwa amevaa koti la mvua la kaki kama langu, maana yote yalitoka stoo moja ya serikali. Alikuwa Machogu. Nilikuwa nimesikia, nisilitilie maanani, kwamba bomba lake lilikatika mwanzoni mwa Mei na Alfayo akamfungia langu la zamani, na kwa kuwa zamu yake haikufika Kiogoro hakuna aliyemkagua. Alipita pale kila Jumatatu nusu saa kabla yangu, isipokuwa siku hiyo ya kupima alichelewa, na alimpungia mkono kila mtu aliyemwona kando ya barabara. Ni mtu mwenye adabu.

Niliyasema haya yote kwa utaratibu, na tarehe zake. Nilitaja kinyesi nilichokiona krashini. Nilisema kwamba ng'ombe si tasa, kwamba mama huyu alimleta kwa wakati, na kwamba kosa halikuwa la mtunzaji. Wazee walisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule mzee akauliza:

"Lakini ana mimba au hana?"

"Hana."

"Tulisema mimba. Hatukusema sababu."

Mimi mwenyewe ningeamua hivyo. Nyamoita alifungua kamba kwenye mgomba, akaizungusha mkononi mara mbili, kisha akaikunjua na kumpa Omwenga.

Omwenga alikuwa ameuona ute. Alikuwa mfugaji.

"Daktari, flaski unayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Basi mpandishe hapa hapa. Aende akiwa na kitu tumboni."

Kanuni ilisema nimhudumie ng'ombe yeyote anayetaka dume, mwenyewe akiwepo na akiomba. Mwenyewe alikuwepo. Ng'ombe alimkataa Omwenga, akarusha mateke mawili, na ndipo Nyamoita aliporudi bila kuitwa, akashika pembe, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya ng'ombe, naye akatulia. Kazi ilichukua dakika nne.

Kisha nilitoa kadi. Nilikata jina la Nyamoita kwa mstari mmoja, jina lisomeke bado, kama tulivyofundishwa, na juu yake nikaandika Omwenga. Nyamoita alisimama karibu akitazama kalamu. Hakuuliza chochote kuhusu wino.

Nilisukuma pikipiki hadi barabarani. Kwenye krashi alikuwepo yule mwanamke wa migombani na ng'ombe wake ndani ya mbao, akiwa ametazama upande Machogu alikoelekea. Alishtuka nilipomsemesha kutoka nyuma.

Jioni nilimwandikia Alfayo alitoe bomba lile kwa Machogu na kulivunja. Alifanya hivyo. Kwenye fomu ya Agosti, katika nafasi ya sababu, niliandika mistari sita, na ofisi ikanirudishia ikisema nafasi ile ni ya mstari mmoja.

Ng'ombe alizaa kwa Omwenga mwezi wa Mei mwaka uliofuata, siku mia mbili themanini na mbili baadaye. Ndama alikuwa jike.