Kuipa Mgongo Hospitali

...ikageuka, dada! Naiona kwa macho yangu! Ule mstari mwekundu kwenye kompyuta umeipa mgongo hospitali, ukajiendea zake kama mtu aliyesusa!

Haya, nimeanzia mwisho. Si unaijua kazi yangu ya majaribio pale ghala la mitungi ya oksijeni? Leo siku ya mwisho. Bosi alishasema, programu yangu isipotoa njia ya kuwashinda madereva, nifungashe virago. Na mpaka saa nne asubuhi inang'ang'ania kupita sokoni kwenda hospitali, dakika arobaini! Gia Tano, dereva wetu mkongwe, anatumia ishirini na sita. Akaja na chai yake, akacheka mpaka akaimwaga.

"Bibie, mashine yako kama mtu aliyebanwa na haja. Ikiona hospitali, mbio!"

"Anko, si ndiko tunakokwenda?"

"Mimi naanza kwa kuipa mgongo. Nashika barabara ya mzunguko, naingilia nyuma. Mbali, ila hakuna foleni."

Dada, nikairukia kompyuta. Programu haipimi barabara zote, itakesha. Kila njia panda inakisia dakika zilizobaki, kama vile ingenyoosha moja kwa moja hadi hospitali. Kukisia pungufu, sawa. Ikizidisha, kila njia inayoanza kwa kwenda mbali inaiona ndefu mno, inaiacha bila kuipima. Nikachungulia mwendo nilioupa wa kukisia: kilomita tano kwa saa. Mwendo wa miguu! Wa zoezi la chuo, la watembea kwa miguu, nikausahau humo. Lori la oksijeni linakisiwa kama bibi harusi!

Nikaweka themanini, mwendo wa lori likiwa limepania. Ndipo mstari ukageuka. Dakika ishirini na nne! Barabara ile ile ya Gia Tano, ila kuna kona moja hajawahi kuikata.

"Pale?" akaguna Gia Tano. "Tukikwama kwenye tope, utasukuma wewe."

Bosi akatazama, hata hakutabasamu. "Kwenye kioo kila mtu dereva. Kesho saa moja asubuhi panda naye, mitungi kumi na miwili. Mkifika kwa ishirini na nne, njoo usaini mkataba wa kazi."

Basi hata kukaa siwezi, nazunguka chumba kama feni. Kesho usizime simu. Nikikanyaga tu chini pale hospitali nakusimulia yote, hata kama mikono imejaa tope.