Baridi Mara Nne, Moto Mara Nne

Fundi bomba yule alikuwa na vidole vinene, vile vya mtu aliyeshika spana tangu hajaota ndevu. Kidole chake kimoja kiliweza kuziba bomba la nusu inchi likanyamaza. Kwenye kazi yake hiyo ni sifa. Kwenye gitaa ni msiba mtupu, maana kidole kikikusudia uzi mmoja kinaangukia nyuzi mbili, na ule wa pili unatoa mlio wa kitu kilichodondoka ndani ya ndoo.

"Tena," alisema Bi Solo.

Bi Solo alikuwa mteja wake. Enzi zake alipiga gitaa la solo kwenye bendi za hotelini, ndipo jina lilipotoka, na sasa alikuwa bibi wa miaka sabini, anaishi ghorofa ya tatu na paka wawili na sinki la jikoni lisilokoma kuvuja. Fundi alilitengeneza lile sinki, na alipoulizwa malipo yake akakuna kichwa, akasema hataki kitu ila afundishwe wimbo mmoja. Akaupiga mluzi pale pale, bado amelala chali chini ya sinki. Bi Solo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huo? Huo ni wimbo wa roki wa kodi mbili tu, Fundi. Kodi za gitaa nasema, nyuzi kadhaa zikilia pamoja, si kodi za nyumba. Hata paka wangu nikimshika mkono anaupiga."

"Mwalimu gani anaanza kwa kumkatisha mtu tamaa?"

"Sikukatishi tamaa. Nakukatisha visingizio."

Basi ikawa kila siku saa saba mchana, wenzake wakienda kula, Fundi anapanda ngazi na sanduku lake la spana. Majirani wakaanza kunong'ona. Sinki gani hilo la mwezi mzima? Fundi aliwaacha waseme. Heri aonekane fundi asiyejua kazi kuliko ijulikane kwamba mtu mzima na kitambi chake anajifunza gitaa kama mtoto wa shule.

Wimbo wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa marehemu, mume wa kwanza wa mkewe.

Mwaka mmoja na nusu uliopita Fundi alimwoa mjane, muuguzi wa wodi ya wazazi, akahamia nyumbani kwa mama huyo kwa kuwa palikuwa karibu na hospitali. Watu walisema yao, wakachoka. Mjane alikuwa na binti wa miaka kumi na minne. Baba yake, karani wa posta, alimpa binti jina la utani la Chiriku, kwa sababu aliongea tangu anafumbua macho mpaka usingizi umkatie sentensi katikati. Fundi alihadithiwa tu habari za chiriku huyo. Aliyemkuta yeye alikuwa msichana wa maneno matatu: shikamoo, ndiyo na hapana. Hakuwa na utovu wa adabu, na afadhali angekuwa nao. Mtoto akikujibu vibaya unajua angalau amekuona. Huyu alimpita Fundi sebuleni kama mtu anavyolipita kabati.

"Mpe muda," mkewe alimwambia.

"Nampa. Lakini naona muda wenyewe anauweka tu, hautumii."

Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka, akamshika mkono.

Kila jioni, akitoka shule, binti alijifungia chumbani na gitaa lake dogo akapiga wimbo ule ule. Alipiga sauti ya juu tu, ile aliyofundishwa. Kodi za chini alikuwa akizipiga baba yake, kwenye gitaa kubwa ambalo sasa lilining'inia ukutani sebuleni na halikuguswa na mtu. Na kila baada ya kipande kimoja binti alinyamaza kidogo, halafu akaendelea. Ilimchukua Fundi wiki kadhaa kuelewa kule kunyamaza. Si kwamba alikuwa anasahau. Alikuwa anampisha baba yake apige sehemu yake.

Siku alipoelewa hilo Fundi alikuwa anakunywa chai, akakiweka kikombe mezani bila kukimaliza. Alimwonea huruma mtoto yule. Akajiambia, baba siwezi kumrudishia. Ila pale chini ya wimbo pana tundu, na kuziba matundu ndiyo kazi yangu.

Kodi ya kwanza ilitaka vidole viwili, na sauti yake ilikuwa na huzuni fulani. Ya pili ilitaka vitatu, vibanane mahali pamoja, na sauti yake ilichangamka. Bi Solo alizitaja majina yake halisi mara kumi, na mara kumi yakatoka sikio la pili. Mwishowe Fundi akaziita baridi na moto, kama koki mbili za bafuni, hapo zikamkaa kichwani. Baridi mara nne, moto mara nne, rudi tena baridi. Taabu ilikuwa njiani. Kutoka baridi kwenda moto vidole vilitawanyika, vikatafutana, vikafika wakati wimbo umeshaondoka.

"Unaachia mkono mzima," alisema Bi Solo. "Koki unaifungua kwa mkono mzima?"

"Hapana. Kwa vidole tu."

"Kumbe unajua."

Wiki ya sita Fundi aliupiga wimbo mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Bi Solo hakumsifu. Alimwongezea chai kikombeni, akasema, "Sasa ukapige kwenu, paka wangu wamechoka."

Jumamosi iliyofuata mkewe alikuwa zamu, na binti alikwenda kwenye mazoezi ya netiboli. Fundi akalishusha gitaa kubwa ukutani, akalipakata, akapiga baridi. Likatoa sauti ya bomba lililojaa uchafu. Akalisogeza dirishani, akaona nyuzi zote zimeota kutu, nyingine zimekuwa nyeusi kabisa.

Na hapo ndipo alipokosea, na kilichomponza ni uzoefu wake. Fundi bomba akiona kutu hajiulizi maswali. Kwa miaka ishirini aliingia nyumba za watu akatoa kilichooza akaweka kipya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlilia bomba bovu. Akatoka mbio mpaka duka la vyombo vya muziki, akarudi na nyuzi mpya, akazifunga sita zote kama alivyomwona Bi Solo akifunga. Akafuta vumbi mbele na nyuma. Akalitundika mahali pake, likang'aa. Kisha akakaa kwenye kochi kungoja asifiwe, maskini ya Mungu.

Binti akaingia na viatu vyake vya michezo mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mmeshinda?"

"Hapana." Akafika katikati ya sebule, akasimama. "Nani ameshika gitaa?"

Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza Fundi tangu mama yake aolewe, na Fundi hata hakuligundua, alikuwa anatabasamu.

"Mimi. Nyuzi zilikuwa zimeoza, nimekuwekea mpya. Lijaribu usikie."

"Zile alizifunga baba," alisema binti. Hakupandisha sauti. "Kabla ya kwenda kulazwa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akakataa kusaidiwa. Mimi nilimshikia gitaa tu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Fundi angeshukuru kama angeubamiza.

Mkewe aliporudi aliliangalia gitaa ukutani, akakaa chini na sare zake za kazi.

"Ungeniuliza," alisema. "Mimi mwenyewe vumbi lake nilikuwa silifuti."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana hata kukugombeza siwezi."

Jumapili gitaa dogo halikulia. Kwenye meza ya chakula yale maneno matatu yakabaki moja, shikamoo, nalo alilisema akiitazama sahani. Fundi alijiona mwizi ndani ya nyumba anayolala. Alikuwa ametaka kuziba tundu, na sasa hata ule wimbo nusu uliobaki ameukausha.

Jumatatu saa saba alipanda ngazi za Bi Solo akamweleza yote. Bi Solo alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Fundi."

"Bibi, mimi watu huniita maji yakishamwagika."

Akafungua sanduku la spana, akatoa kopo la maziwa ambamo aliweka washa kuukuu, zile pete za mpira za koki. Juu ya washa zilikaa nyuzi sita, kila mmoja umekunjwa duara, umefungwa kwa tepu nyeupe na kuandikwa namba, moja mpaka sita. Fundi yule hakutupa kitu. Alikuwa na kanuni aliyorithi kwa aliyemfunza kazi: ulichokitoa kwenye nyumba ya mtu si takataka mpaka mwenyewe akione na aseme ni takataka. Wateja wote aliwafanyia hivyo, hata wasiotaka kuona. Mtu mmoja tu hakumwonyesha.

Bi Solo alivaa miwani akazipitisha vidoleni. "Hizi nyembamba zitakatika ukizikaza. Hii nene labda itashika, kama utaiweka chini kidogo ya kawaida. Labda, nimesema."

Jioni Fundi alisimama mbele ya mlango wa binti na kopo lake mkononi. Ameingia majumbani kwa wakubwa na kwenye mitaro ya maji machafu, na hakuna mlango uliowahi kumtisha kama ule.

"Hodi."

Sauti ikatoka chini chini, "Karibu."

Akaliweka kopo juu ya meza ya madaftari. "Nilikosea. Kitu kikitolewa, mwenyewe huonyeshwa kwanza. Wewe sikukuonyesha. Nisamehe."

Binti alichungulia ndani ya kopo. Akatoa duara moja, akalishika kwa viganja vyote viwili, akakaa nalo.

"Unaweza kuzirudisha?"

Alimtazama Fundi usoni, sawasawa, labda kwa mara ya kwanza. Na jamani, moyo wa Fundi ulimtuma aseme ndiyo. Ndiyo moja tu na nyumba inapona leo hii. Nani asingesema? Lakini mtu akikuuliza kuhusu bomba lake unamwambia hali ya bomba lake.

"Hapana," alisema. "Si zote. Hizi nyembamba zimeliwa na kutu, nikizikaza zitakatika. Hii namba sita, ile nene, huenda ikashika. Huenda. Ikikatika ndiyo imekatika, sitakudanganya."

Binti akainama. Fundi akaamini ameharibu kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Wote waliniambia baba atapona," alisema binti. "Mama, shangazi, majirani, mpaka daktari. Atapona, atapona. Hata asubuhi ile ile. Na mama ni muuguzi, alikuwa anajua."

"Alikuwa anakupenda. Alishindwa tu kuutamka ukweli."

"Najua." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Lakini ningemuaga."

Fundi alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na machozi yalimtoka yeye kabla ya mtoto.

Baadaye kidogo binti alikwenda sebuleni akarudi na gitaa kubwa. Akautoa uzi mpya ulio mnene. Akachukua namba sita kwenye kopo, akabandua tepu.

"Nishikie," alisema.

Fundi akashika gitaa kwa mikono miwili. Binti akapitisha uzi, akaanza kuzungusha ufunguo wa kuukazia, mzunguko baada ya mzunguko, na uzi ukalalamika.

"Basi hapo," alisema Fundi. "Usiongeze."

"Uko chini."

"Uko chini. Mwisho wake ndio huo. Hizi nyingine tuzishushe ziufuate."

Wakazishusha tano zilizobaki, polepole, mpaka zikakubaliana na ule wa zamani. Ndipo Fundi alipolipakata gitaa, akavuta pumzi, akapiga. Baridi mara nne. Moto mara nne. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya Bi Solo, na ule uzi mnene ulikoroma kidogo chini ya nyingine, lakini ulishika.

Binti alikodoa macho. "Umejifunza wapi?"

"Chini ya sinki."

Alichukua gitaa lake dogo kitandani, akagusa sauti ya kwanza ya wimbo. Haikupatana. Lake lilikuwa juu, la baba yake lilikuwa chini. Fundi akangoja. Binti aliinamisha kichwa, akaanza kulegeza nyuzi zake mwenyewe, mmoja mmoja, akigonga na kusikiliza, mpaka gitaa dogo likashuka likalifuata lile kubwa.

Wakaanza. Sauti ya juu ikaenda, na ilipofika pale pa kunyamaza, binti akanyamaza, na chini yake wimbo ukaendelea. Kisha vidole vya Fundi vikatawanyika njiani, kama kawaida yake, na moto ukafika umechelewa.

"Umechelewa," alisema binti.

"Nimechelewa."

"Umechelewa kwa sababu unaangalia vidole, usiangalie vidole, baba alikuwa anaangalia dirishani, halafu umebana kiwiko, na yeye alikuwa anabana hivyo hivyo mama anamcheka, na kwa nini unahesabu kwa sauti, watu hawahesabu kwa sauti, na hiyo baridi unayosema ndiyo nini, maana nimekusikia unasema baridi, baridi, nikadhani unasikia baridi, na huko chini ya sinki kulikuwa kwa nani, na mama anajua, kwa sababu kama mama anajua na hakuniambia..."

Mkewe alikuwa ameingia kutoka kazini. Alisimama kwenye ujia, mkoba bado begani, akasikiliza sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kwa miaka miwili. Ndani, Fundi aliukosa moto mara tatu mfululizo, na binti akamkosoa mara zote tatu bila kumpa nafasi ya kujibu.