Kipande cha Kati

Ozohu alikuwa amewafumia wazee wengi wa mji wa Okene vitambaa vya maziko, na chake mwenyewe kilikuwa kimeshawekwa kashani: vipande vitatu vya milia myeupe na myeusi, vimeunganishwa kwa sindano. Kile cha kati alikifuma bintiye Onize, mwaka alioachika akarudi kwa mama yake bila mtoto.

Onize ndiye aliyetangulia. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi hakuwapo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Wanawake walipokuwa wakimwosha, Ozohu alifungua kasha akaja na kitambaa mikononi. Ohiare, ndugu wa marehemu mumewe, akamzuia mlangoni.

"Shemeji, unakipeleka wapi hicho?"

"Kwa mwanangu."

"Hicho ni cha mtu aliyekula chumvi nyingi akaacha wajukuu. Tukimfunika nacho huyu, watu watatucheka."

"Na wacheke! Alipokuwa akifuma huku mgongo unamuuma, walikuwa wapi?"

"Usinitie aibu mbele ya wageni, Ozohu."

"Aibu? Baba yako nilimfumia mimi. Siku tatu kitambaa kimening'inia mbele ya nyumba kutangaza kifo cha mzee, na wewe unajigamba chini yake kama jogoo. Leo ndiyo unanifundisha mimi sheria zake?"

Shangazi mmoja akacheka, kisha akaziba mdomo. Ohiare hakusogea. Nyuma yake walisimama wanaume wengine wanne, na Ozohu akaona wazi kwamba hapiti.

Akaketi palepale chini, akaomba wembe. Akafumua mishono miwili, akakitoa kipande cha kati na kukikunja.

"Hiki peke yake si kitambaa cha maziko," akasema. "Ni kazi ya mikono yake tu. Na hiki mtamnyima?"

Ohiare alikitazama, akatazama pembeni, akampisha.

Onize alizikwa na kipande hicho ndani ya sanda. Hapakuwa na ngoma, na kabla ya adhuhuri waombolezaji walikuwa wameshatawanyika.

Kesho yake Ohiare alikuja, sauti imemshuka. "Shemeji, fuma kingine ujazie pale kati, siku yako ikifika kitambaa kiwe kizima."

"Macho yangu hayazioni tena nyuzi za mtande. Aliyekuwa akinipangia mmemfukia jana."

Akaingia chumbani kwa Onize, akalala kifudifudi kitandani, na siku hiyo hakula.