Moshi wa Jumamosi

Mkamburi alikuwa amekaa Voi wiki tatu alipotangaza, kikombe cha chai mkononi, kwamba Jumamosi anarudi kwake Wundanyi.

"Na mguu?" Mable akamuuliza.

"Nitaenda nao. Ulitaka niuache hapa?"

Mable, aliyezoeleka kuitwa Mama Abby kwa jina la mwanawe, aliona afadhali aketi kabla hajajibu vibaya. Huyu alikuwa mama mkwe wake, mjane, na mguu aliokuwa akiufanyia mzaha ulikuwa na kidonda cha sukari kisiginoni. Muuguzi wa hospitali alikuwa amewaambia wote wawili bila kuzunguka: kidonda kisafishwe na kufungwa kila baada ya siku moja mpaka kipone, na kikiachwa, mguu utakatwa. Kule mlimani Mkamburi aliishi peke yake, na njia ya zahanati ilikuwa ya kupanda na kushuka hata kwa mwenye miguu mizima. Silvanus, mume wa Mable, alikuwa Njukini kwa biashara yake ya maharagwe. Alipopigiwa simu alisema, "Ongea naye, wewe anakusikia," akakata. Hakuna siku ambayo Mkamburi aliwahi kumsikia Mable.

"Haya, mama. Niambie unakosa nini hapa."

"Moto."

Mable alionyesha jiko la gesi lililokuwa likichemsha maharagwe. "Na huo ni nini?"

"Hiyo ni taa," Mkamburi akasema. "Mimi nataka kuni."

Kusema kweli Mable alifurahi. Alidhani ataambiwa mambo ya upweke, au marehemu baba mkwe kuonekana ndotoni, mambo ambayo hayana duka. Jiko la kuni lina duka. Yeye alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya watalii kando ya mbuga, mwenye diploma ya ununuzi, na kazi yake ilikuwa kuwaambia wauzaji wafungue boksi kabla hajatia sahihi. Angeshindwa na nini kununua jiko?

Shida ilikuwa ukutani, karibu na lango la ploti: KUNI NA MAKAA MARUFUKU, kwa rangi nyekundu. Mwenye nyumba, Bi Mwanamina, alikuwa na mjukuu aitwaye Aliya, mtoto wa pumu, na mpangaji mmoja alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya kuchoma mahindi.

Mable alimkuta barazani akichambua mchele.

"Bi Mwanamina, nataka kupika kwa kuni."

"Na miye nataka kuolewa tena. Haya, sote tumesema ya moyoni. Kaa unywe maji."

"Sitanii. Kuna majiko ya siku hizi hayatoi moshi. Mama mkwe anataka kuondoka, na akiondoka ule mguu umekwenda."

Mwanamina aliacha mchele. "Waniona miye, mwanangu? Mwanamke wa pwani nisiyefukiza udi. Chetezo nimekifungia kabatini tangu mtoto huyu aanze kubanwa kifua. Siku hizi nanukia sabuni, kama wodi." Akaitazama kamba ya nguo. "Lilete hilo jiko Ijumaa. Utaliwasha pale chini ya kamba ya nguo, na shuka zangu zikiwa zimeanikwa. Zikinuka, au mtoto akikohoa, mimi na wewe tusilaumiane."

Alhamisi Mable aliomba ruhusa kazini, akamweka Mkamburi kwenye tuktuk, mguu ukiwa umeegeshwa juu ya mto.

Duka la kwanza lilikuwa la Donald, kijana nadhifu aliyemwita kila mtu madam. Aliwaonyesha jiko kubwa lenye bomba refu la bati.

"Hili halitoi moshi kabisa, madam. Moshi wote unapanda hapa, unatoka nje. Jikoni hakubaki hata harufu."

"Ukitoka nje unaenda wapi?"

"Nje."

"Nje yangu ni dirisha la mwenye nyumba."

Donald alilitazama bomba kama mtu anayeliomba ushauri. "Unapaa, madam."

"Kwa hiyo hujaupunguza. Umeuhamisha."

Mkamburi alinyoosha fimbo yake akagusa bomba juu kidogo ya kichwa chake. "Kijana, hili laweza kukatwa hapa?"

"Likikatwa hapo, bibi, moshi wote utabaki ndani."

"Ndiyo."

Donald akamtazama Mable. Mable akatazama dari. "Anauliza tu," akasema. "Tuonyeshe lingine."

Lingine lilikuwa dogo kama ndoo, lenye feni tumboni na betri ya kuchajiwa na jua. Donald alilijaza vijiti vilivyokatwa urefu wa kidole, akaliwasha, feni ikanguruma. Moshi ulitoka kidogo, ukakatika, ukabaki mwali wa buluu ukizunguka. Mable alikubali kwamba hilo lilikuwa jambo. Aliinama, akanusa, akauliza betri inadumu muda gani, feni ikiharibika nani anaitengeneza. Donald alijibu swali la kwanza kwa furaha na la pili kwa kukohoa.

Mkamburi alisimama juu ya jiko lile, akainua kiganja mpaka mkono ulipokoma, akakaa hivyo. Kisha akakinusa kiganja.

"Haufiki."

"Joto, bibi? Litafika, subiri kidogo."

"Sikusema joto," Mkamburi akasema, akachechemea kurudi kwenye tuktuk.

Hapo ndipo Mable alipoanza kuogopa. Alikuwa amesikia kwamba sukari ikipanda sana inaweza kumvuruga mtu akili. Mwanamke anayetaka jiko, akaletwa kwenye majiko, halafu anataka bomba likatwe katikati ya chumba! Alitoa mkobani mashine ndogo ya kupimia sukari, akamdunga kidole palepale ndani ya tuktuk. Sukari ilikuwa sawa.

"Umeridhika?" Mkamburi akamuuliza.

"Hapana."

Kwa Kitonga, fundi wa mabati karibu na soko, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Kitonga alikuwa na jiko lake mwenyewe: pipa fupi la chuma lililokandikwa udongo ndani, mlango mdogo chini wa kuingizia kuni, na njia nyembamba ya kupandisha moto.

"Yule wa feni amekwambia betri ikifa unafanya nini?" akaanza.

"Amekohoa."

"Basi. Hili ukilivunja unaniletea. Lakini nakwambia ukweli, mama: mwanzo litatoa moshi kidogo, kisha litakoma. Na usiniletee kuni mbichi halafu uniite mwongo. Kuni kavu, nyembamba, unaingiza mbilimbili."

Donald alikuwa amesema hakuna moshi. Huyu anasema upo kidogo. Muuzaji mmoja wa majiko wa Nairobi, ambaye Mable alimpigia simu usiku uliotangulia, alisema jiko bora ni lile lenye cheti. Alipomuuliza cheti cha nini, alimtumia picha ya jiko. Mable alizoea sukari kuwa sukari na mchele kuwa mchele. Hapa kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno moshi.

"Mama, wewe unaonaje?"

Mkamburi alikuwa akiangalia paa la kibanda cha Kitonga, ambalo lilikuwa jeusi kwa masizi miaka na miaka. Kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulikuwa umelainika.

"Hapa pazuri," akasema.

Mable alichukua jibu hilo kuwa ndiyo, akalinunua jiko la Kitonga.

Ijumaa jioni Mwanamina alianika shuka nyeupe tatu, akaleta kiti, akaketi kama hakimu. Aliya aliketi mapajani mwake akila biskuti. Mable aliwasha. Moshi mwembamba ulipanda, nyusi za Mwanamina zikapanda nao, kisha moto ukashika, ukavuma ndani ya udongo, na juu yake hewa ikawa safi, inayotetemeka tu. Maji yakachemka. Aliya akamaliza biskuti akaomba nyingine. Mwanamina aliinuka, akavuta pembe ya shuka mpaka puani.

"Sabuni," akasema. "Wallahi, sabuni tupu. Lisha moto wako, Mama Abby, na ukiponda kimanga chenu cha mihogo na maharagwe usinisahau."

Mable alikuwa hajawahi kushinda jambo zuri namna hiyo. Aligeuka kumtafuta mama mkwe wake ili waone pamoja. Kiti cha Mkamburi kilikuwa kitupu.

Alimkuta chumbani akikunja leso zake ndani ya begi.

"Mama! Jiko limekubaliwa!"

"Nimeona. Ni jiko zuri sana. Utaniitia gari la asubuhi."

"Unaenda wapi? Ulisema moto, nimeleta moto! Ulisema kuni, zile pale! Nimezunguka mji mzima kama mwendawazimu, nimegombana na bomba! Sasa nini tena?"

Mkamburi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jua linatoka upande gani. Akavuta gunia dogo kutoka chini ya kitanda, lile alilokuja nalo na ambalo Mable alidhani ni zawadi ya mihogo. Ndani mlikuwa na mahindi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, mafupi, yenye punje nyeupe na nyekundu zilizochanganyika. Aliligonga moja kiganjani. Unga ukamwagika, na ndani ya unga fukusi wawili weusi wakaanza kutembea.

"Wiki tatu tu," akasema. "Nimeyatoa juu ya moto wiki tatu tu, tayari wanaingia. Hii ni mbegu ya mama yangu. Vuli ikija nitapanda nini?"

Mable akaketi kitandani.

"Moshi," akasema polepole. "Ulikuwa unataka moshi."

"Ulidhani nataka nini?"

"Jiko!"

"Jiko la nini lisilofika darini? Wewe umepika kwangu miaka mitatu, Mama Abby. Yale mahindi yaliyoning'inia juu ya kichwa chako, ulidhani ni mapambo?"

Akiulizwa kwa haki, Mable alikuwa hajawahi kudhani kitu chochote. Alikumbuka machozi ya moshi, na jinsi alivyohesabu siku za kuhamia Voi. Juu hakuwa akitazama. Nani hutazama juu akiwa anatokwa na machozi?

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema nataka moto wa kuni. Moto wa kuni una moshi. Nani aliyewahi kusikia mtu akienda dukani kununua moto ambao hauna?"

Mable alipiga makofi kwa hasira, kisha akajaribu yaliyokuwa ndani ya uwezo wake. Kuna dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Mkamburi hakutaka dawa. Mbegu inayobaki baada ya kupanda huliwa, alisema. Kuna mitungi ya kufunga hewa. Mkamburi alisema mbegu nayo inapumua. Basi majirani wa Wundanyi wamwangikie. Majirani, Mkamburi akasema, walikuwa wamenunua gesi, wote isipokuwa mke wa Reuben, na kitu kikiingia kwa mke wa Reuben hakitoki.

"Kwa hiyo unakwenda kukaa na mahindi, na mguu ukatwe."

"Mbegu hii ikiisha imeisha. Haiuzwi popote."

"Na mguu unauzwa wapi? Niambie duka, niende!"

Nje Mwanamina alisikika akimwambia Aliya asitupe biskuti ndani ya jiko la watu. Mkamburi aliokota fukusi mmoja kwenye leso, akambinya. Kisha akaushika mguu wake juu ya bandeji, polepole, na Mable aliona kitu ambacho kelele zake zote zilikuwa zimemzuia kukiona: mama huyu alikuwa anaogopa mguu kuliko mtu yeyote. Alikuwa hataki kwenda. Alikuwa anakwenda tu.

"Nitakwenda mimi," Mable akasema.

"Wapi?"

"Kwako. Kesho. Nitayaangika, niwashe, nikae. Kila Jumamosi mpaka vuli. Na wewe utakaa hapa, muuguzi akufunge mguu."

"Wewe?" Mkamburi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe utakaa kwenye moshi?"

"Usinicheke, nitabadilisha nia."

Mkamburi aliyatazama mahindi, akautazama mguu wake uliofungwa bandeji, akarudi kwenye mahindi. "Mara moja kwa wiki si kama kila siku."

"Si kama kila siku. Lakini ndiyo niliyo nayo."

Kisha mama yule alianza kuzitoa leso kwenye begi, moja moja, akizirudisha kwenye kabati bila kuzikunja vizuri. Usiku ule waliyachambua mahindi pamoja, yaliyoingiliwa wakayaweka kando kwa kuku wa Mwanamina.

Jumamosi saa nne Mable alikuwa amepanda juu ya stuli jikoni kwa Mkamburi kule Wundanyi, akiangika mahindi kwenye fito nyeusi. Kisha alichuchumaa mbele ya mafiga na kuwasha. Tangu Alhamisi alikuwa amejifunza moto usio na moshi, kuni kavu, nyembamba, mbilimbili, na sasa vidole vyake vilifanya hivyo hivyo bila kumwuliza. Moto ukawaka safi kama wa Kitonga. Akauzima. Akaenda nje kutafuta kuni mbichi, akijiona mpumbavu, hajui tena ni lipi kosa na lipi kazi.

Alikuwa amerudi na kuuwasha tena simu ilipolia.

"Umewasha?"

"Nimewasha, mama."

"Umewasha nini? Sikusikii ukikohoa."

"Ngoja, naongeza majani. Mguu umefungwa?"

"Muuguzi ndiye huyu, ameushika. Anasema nyama mpya inaota. Usinitoe kwenye jambo. Ongeza majani!"

Mable aliongeza majani. Moshi ukajaa chumba, mweupe, mzito, ukampita usoni, ukapanda ukashika fito. Alianza kukohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, macho yakimtiririka.

"Hapo," Mkamburi akasema upande wa pili wa simu, kwa utulivu mkubwa. "Hapo sasa. Kaa hapo hapo."