Kwangu Hupiti

Wifi yangu Advera huandika Kiingereza hata akiomba chumvi. Safari yao aliitangaza kwenye kundi la familia la WhatsApp: yeye, kaka yangu Gerson na mtoto wao Eliya wangepanda ndege Jumamosi kutoka Dar mpaka Tabora, wakodi gari, waendelee Kigoma kuona sokwe. "On the way we'll drop in on Mum," alimalizia, na kopa jekundu juu yake.

Mama alikuwa uani anatwanga karanga za kuungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo Gerson alivipenda tangu utoto. Akaniita nimsomee. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, hapa hapa Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

"Wanasema watapita kukuona."

"Watapita." Akaweka mchi chini. "Kama wanavyopita sheli kutia mafuta."

Nilijua kinachomchoma. Baba alipofariki mwaka jana, Gerson alifika asubuhi ya maziko na jioni alikuwa ameshapanda ndege. Kwetu matanga huanuliwa siku ya tatu, na siku hiyo wazee waliuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Mama akawaambia ameitwa kazini ghafla. Uongo mtupu. Na Eliya, ambaye sasa anang'oka meno ya mbele, hajawahi kulala hata usiku mmoja katika nyumba hii. Baba alikufa akiuliza ataletwa lini.

"Wajibu, Flavia," Mama akasema. "Kwa Kiingereza hicho hicho, wasije wakasema hawakuelewa. Nataka mjukuu wangu alale hapa."

Nikaandika "do come over". Akauliza maana yake. Karibuni kwetu, nikamwambia.

"Hapo wamelala?"

"Haijasema."

"Futa."

Nikajaribu "stop by", nikaifuta mwenyewe kabla hajauliza. Huyo ni mgeni anayesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Pop in" ndiyo kabisa, huyo hata maji hanywi. Kadiri nilivyotafuta ndivyo hasira zilivyonipanda. Mji huu misafara yote ya zamani, ya kutoka pwani na ya kutoka Ujiji, ilitua mizigo hapa. Watu waliokuja kupumzisha miguu tu walioa, wakajenga, wakazikwa hapa. Leo mtoto aliyezaliwa Ng'ambo ndiye wa kutupitia njiani kama kituo cha ukaguzi?

Nikaandika: "You will stay over. Mum has turned down the drop-in."

"Umeandikaje?"

"Mtalala. Mama ameikataa hiyo ya kupita."

Akacheka, na tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. "Tuma."

Gerson akajibu palepale: "We'll try to work something out." Eti watajaribu kuangalia namna. Namjua kaka yangu. Hiyo ni hapana iliyovaa tai. Nikamwambia Mama wazi kwamba hawatalala. Aliingia chumba cha wageni, akaanza kutandika kitanda.

Jumamosi gari la kukodi likasimama mlangoni, na dereva alikuwa Ambrosi, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Eliya akateremka mbio. "Shikamoo, bibi!" Naona walimfundisha njiani. Mama akaitikia marahaba, akamkumbatia mpaka nikaogopa mtoto atakosa pumzi. Gerson alibaki amesimama barazani.

"Ambrosi, usizime," alisema. "Hatukai."

Mama akamwachia mtoto, akaenda mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Shikamoo, Mama Gerson."

"Marahaba. Zima gari, baba. Shusha mabegi."

Ambrosi akamtazama aliyemkodi, akamtazama Mama, akazima.

"Mama, Kigoma wanatusubiri leo," Gerson akasema.

"Wasubiri. Baba yako ulimpitia, Gerson. Ulimfukia ukapanda ndege, na mimi nikasimama mbele ya wazee nikakusemea uongo. Sirudii. Kwangu hupiti. Ukitaka kwenda, nenda sasa hivi, na hata maji usiombe."

Gerson akatazama chini. Akamgeukia mkewe, mkewe akaangalia pembeni. Akanigeukia mimi, mimi nikafurahi, tena nikamwonyesha kwamba nimefurahi.

"Daddy," Eliya akamvuta shati, "are we staying over?"

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anauliza kama wanalala."

"Mwambie nimeshatandika." Akachukua begi dogo la mtoto kutoka mikononi mwa Ambrosi, akaingia nalo ndani. Advera akavua viatu, akamshika Eliya mkono, wakamfuata. Hakusema neno, la Kiingereza wala la Kiswahili.

Tukabaki watatu nje, gari limezimwa. Nikangoja kusikia hiyo "work something out" ikitafutiwa njia nyingine. Gerson akakaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu.

"Ambrosi," akasema bila kuinua uso, "tufuate Jumatatu. Nina siku tatu za matanga ya Baba ambazo sikuzikaa."